Maua ya Msumeno: Jinsi ya Kuisoma Fanicha ya Kale ya Ufaransa

Ndani ya kasri la Versailles, nje kidogo ya Paris, kuna dawati alilotengenezewa Mfalme Louis wa 15. Limejaa vishada vya maua na alama za sanaa na sayansi, na anayeliona mara ya kwanza, hasa kwenye kioo cha simu, husifu mkono wa mchoraji. Lakini hakuna mchoraji aliyeligusa. Kila jani, kila petali, kila kivuli ni kipande cha mbao kilichokatwa kwa msumeno kikapachikwa ubavuni mwa kingine, bila kuacha mwanya wa kupita hata unywele.

Kazi hiyo Wafaransa huiita marketri. Watu huichanganya na uchongaji, na uchoraji, na njumu. Wakisikia tena kwamba dawati hilo lilianzwa mwaka 1760 na fundi mmoja na kumalizwa mwaka 1769 na mwingine, ilhali lina sahihi ya yule wa pili peke yake, wanazidi kuchanganyikiwa. Naipenda kazi hii sana, na kwa maoni yangu tatizo ni kwamba tunaitazama fanicha ya namna hii kama kitu kimoja kilichofanywa na mtu mmoja. Sivyo. Ni ngozi iliyovikwa mwili mwingine, na ni mikono mingi iliyojificha nyuma ya jina moja.

Ngozi na mwili

Kwa ndani, kabati la fahari la Paris la karne ya 18 ni mwaloni au msonobari, mbao za kawaida zilizounganishwa kwa ufundi wa kawaida wa useremala. Ukivuta mtoto wa meza ukaangalia ubavu wake, hapo ndipo utauona mwili. Juu ya mwili huo fundi aligandisha vinia, yaani utando mwembamba wa mbao ya thamani.

Kwetu neno vinia limepata sifa mbaya. Tunaijua kama karatasi ya kufunikia ubao uliotengenezwa kwa vumbi la mbao, ikichubuka kona moja aibu yote iko nje. Paris ilikuwa kinyume chake: vinia ndiyo iliyobeba uzuri wa kazi, na kulikuwa na sababu. Miti yenye rangi ilitoka mbali, mingi kutoka Brazili na nchi jirani zake, na magogo yake mengi yalikuwa membamba kiasi kwamba usingepata ubao wa kutosha kutengeneza meza nzima. Tena mbao nzima hutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu, mwishowe hupasuka. Ukiipasua gogo hilo kuwa tando nyembamba, unapata eneo kubwa kutokana na mti mdogo, na unaweza kuzigeuzageuza tando mpaka mistari ya mti ikutane katikati ya mlango kama mbawa za kipepeo.

Tando hizo zilipasuliwa kwa mkono. Gogo husimamishwa wima katika jiliwa, watu wawili wakashika msumeno wenye fremu, mmoja upande huu, mwingine upande ule, na kushuka nao polepole. Vinia ya namna hiyo ilikuwa na unene wa milimita moja na nusu, pengine mbili. Ya leo hukatwa na kisu cha mashine na kwa kawaida haizidi sana nusu milimita. Kumbuka tofauti hiyo, tutaihitaji mbele.

Fundi wa kazi hii huitwa ebenisti mpaka leo. Jina limetokana na ebene, ule mti mweusi ambao mafundi wa Paris walianza kuvalisha makabati katika nusu ya kwanza ya karne ya 17. Baadaye mtindo ulibadilika, rangi zikaingia, lakini jina lilikuwa limeshakaa. Kamusi zetu hutafsiri neno hilo kuwa mpingo, na kwa mazungumzo ya kawaida inatosha. Kwa ukweli wa miti haitoshi. Ebene halisi ni wa jamii ya Diospyros. Mpingo wetu wa Tanzania na Msumbiji ni Dalbergia melanoxylon. Na hapa kuna jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka: mpingo una ndugu zake wa damu ndani ya makabati yaleyale. Mbao ambayo Wafaransa huiita ya waridi, yenye mistari ya rangi ya nyama, na ile wanayoiita ya urujuani, zote mbili ni Dalbergia, kutoka Brazili. Kwa hiyo mti mweusi wa Paris ulifanana na mpingo kwa sura tu. Ndugu wa kweli ni wale wenye waridi na zambarau. Mpingo wenyewe ulijipatia heshima Ufaransa kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa ala za muziki za kupuliza, klarineti na obo.

Jinsi picha inavyozaliwa

Msomaji wa pwani anaijua njumu. Katika viti vya enzi vya Lamu fundi alitoboa na kuchimba mbao, kisha akapachika vipande vya pembe za ndovu ndani ya mashimo. Mbao ilikuwepo kwanza, pambo likaja baadaye. Katika marketri hakuna kilichotangulia. Picha na uwanja wake vyote hukatwa kutoka kwenye vinia, huunganishwa vikawa shuka moja, na ni shuka hiyo nzima inayovikwa kwenye mwili wa kabati. Katika kazi za kale njia hizi mbili wakati mwingine zilikutana juu ya meza moja, lakini anayejua tofauti yake huona mara moja wapi fundi alichimba na wapi aliunganisha.

Jina linalotajwa kwanza hapa ni André-Charles Boulle, aliyezaliwa mwaka 1642 na kufariki mwaka 1732. Mwaka 1672 alipewa makazi na karakana ndani ya kasri la Louvre, Paris, chini ya ulinzi wa Louis wa 14. Husemwa mara nyingi kwamba ndiye aliyebuni marketri ya shaba na gamba la kasa. Hakuibuni, ilikuwepo kabla yake. Alichofanya ni kuifikisha mahali ambapo hakuna aliyewahi kuifikisha, mpaka jina lake likawa jina la kazi yenyewe.

Njia yenyewe ni hii. Unachukua bamba la gamba la kasa na bamba la shaba ya manjano, unayagandisha pamoja kwa muda, unabandika mchoro juu, kisha unayakata yote mawili kwa mpigo mmoja kwa uzi mwembamba wa msumeno. Ukiyatenganisha, una maua ya shaba na uwanja wa shaba wenye matundu, maua ya gamba na uwanja wa gamba wenye matundu. Unabadilishana. Maua ya shaba yanaingia kwenye uwanja wa gamba, maua ya gamba yanaingia kwenye uwanja wa shaba. Mchoro mmoja umezaa pacha wawili, mmoja mweusi wenye pambo linalong'aa, mwingine unaong'aa wenye pambo jeusi. Ndiyo maana makabati ya Boulle mara nyingi yalitengenezwa mawili mawili, na ukikutana na moja peke yake ni haki kuuliza mwenzake yuko wapi.

Gamba hilo ni la kasa wa aina ya ng'amba. Likipashwa moto hulainika na kunyooshwa, na kwa kuwa mwanga hupita ndani yake, mafundi walipaka rangi nyekundu au nyeusi upande wa chini ili ionekane kwa juu kama kitu kinachowaka kwa ndani. Pwani yetu inaijua biashara hiyo tangu zamani sana: mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 unataja pembe za ndovu na magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za Rhapta, soko la pwani ya Afrika Mashariki.

Njia ya kukata pamoja ina kasoro moja. Uzi wa msumeno, hata uwe mwembamba vipi, hula kitu, na unachoacha ni ufa. Kwenye shaba na gamba ufa hujazwa gundi yenye rangi nyeusi na huonekana kama mstari wa mchoro. Kwenye waridi la mbao nyeupe ufa ni kovu. Kwa hiyo kwa kazi za maua bora kabisa kila kipande kilikatwa peke yake: petali hukatwa kwa kufuata nje ya mstari, tundu lake hukatwa kwa kufuata ndani ya mstari, na viwili hivyo hukutana. Kosa la unene wa kucha linaonekana. Kishada kimoja kina vipande kwa mamia.

Sasa kivuli. Hili ndilo swali ambalo watu huniuliza mara nyingi kuliko yote, kwa sababu petali hizo zinaonekana kujikunja kweli, zikififia kutoka weupe hadi hudhurungi bila mstari wa kutenganisha. Jibu ni mchanga. Fundi huweka mchanga mkavu, laini, kwenye chombo cha chuma juu ya moto, kisha hushika petali kwa koleo na kuchomeka ukingo wake mchangani. Sehemu iliyozama zaidi huungua zaidi, ile iliyo karibu na uso huungua kidogo, na rangi hupanda taratibu. Ikikaa sekunde chache pungufu hakuna kivuli. Ikizidi, kipande ni mkaa. Tena moto husinyaza mbao, kwa hiyo petali iliyokuwa saizi yake kabla ya mchanga inaweza kupwaya baada yake, na fundi hulazimika kulijua hilo kabla hajaanza kukata.

Vipande vyote hupangwa juu ya karatasi, uso ukiangalia chini, maana yake fundi huijenga picha yake kinyume na hauoni uso wake mpaka siku shuka itakapogandishwa kwenye kabati na karatasi kukwanguliwa. Kisha hufuata hatua ambayo wengi hawaijui kwa sababu mara nyingi imeshapotea: kuchora mishipa ya majani na manyoya ya ndege kwa patasi yenye ncha, na kujaza mistari hiyo kwa rangi nyeusi. Warsha za baadaye zilipoyasafisha makabati haya kwa kuyakwangua, mistari hiyo ilikwenda na vumbi. Ukiona leo jani lisilo na mshipa hata mmoja, bapa kama lililokatwa na mtoto, usimlaumu fundi wa kwanza haraka.

Gundi nayo ina kisa chake. Ilipikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ikatumika ikiwa moto, ikashika inapopoa. Gundi nyeupe ya kopo tuliyoizoea haifanani nayo, kwa sababu ya zamani hukubali kuachia: ipe joto na unyevu kidogo, kipande kinabanduka salama baada ya miaka mia mbili na hamsini, kinarekebishwa na kurudishwa. Ubora huo ndio udhaifu wake pia. Mbao ya mwili hutanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika, shaba haifuati, gundi iliyokaushwa na mifumo ya kupasha nyumba joto hukatika, na ukingo wa shaba huinuka juu kama ulimi. Mtu wa usafi akipita na kitambaa, unanasa na kung'oka.

Mkono wa nani?

Turudi kwenye dawati la mfalme. Aliyelianza ni Jean-François Oeben, fundi mwenye asili ya Kijerumani, hodari wa maua na zaidi ya hapo wa mitambo. Kifuniko cha dawati ni nusu ya pipa kinachojiviringisha na kuingia ndani, na ufunguo mmoja hufunga vyote. Vidau vya wino vilifikiwa kutoka ubavuni, ili mtumishi avijaze bila kuona karatasi za mfalme.

Oeben alifariki mwaka 1763 dawati halijakwisha. Kanuni za chama cha mafundi zilimruhusu mjane kuendeleza karakana ya mumewe, na Françoise-Marguerite Vandercruse, aliyekuwa mwenyewe mtoto wa ebenisti, akaiendesha. Ndani ya karakana alikuwemo kijana mwingine wa Kijerumani, Jean-Henri Riesener. Mwaka 1767 walioana, mwaka 1768 Riesener akapata cheo cha fundi mkuu, na mwaka 1769 dawati likafikishwa Versailles.

Katika kipindi hicho cha ujane kazi zilitoka na muhuri wa Oeben, ambaye alikuwa kaburini. Tangu kanuni za mwaka 1743, fundi mkuu wa Paris alitakiwa kupiga jina lake kwa chuma kwenye kazi yake, na wakaguzi wa chama waliongeza herufi JME baada ya kuridhika nayo. Wanunuzi wengi hudhani muhuri ni kama sahihi ya mchoraji. Ulikuwa karibu zaidi na leseni. Unakuambia karakana gani iliwajibika mbele ya chama, haukuambii ni kidole cha nani kilichoshika petali mchangani. Fundi aliyetengeneza upya kabati la mwenzake aliweza kupiga muhuri wake humo. Waliofanya kazi chini ya ulinzi wa mfalme hawakufungwa na sheria hiyo, na Boulle, aliyefariki kabla yake, hakupiga muhuri kabisa.

Tena hiyo ni mbao tu. Sheria za vyama ziligawa kazi kwa ukali. Viti na vitanda vya mbao nzima vilikuwa vya seremala aliyeitwa menuizie, kabati la vinia lilikuwa la ebenisti, kuyeyusha na kumimina shaba kulikuwa kwa watu wa shaba, kupaka dhahabu kulikuwa kwa wengine tena. Charles Cressent, mmoja wa wakubwa kabisa, alishtakiwa na chama cha watu wa shaba kwa kosa la kumimina mapambo yake mwenyewe ndani ya karakana yake. Mafundi wengi wageni, hasa Wajerumani, walikaa kitongoji cha Saint-Antoine mashariki mwa jiji, ambako waliweza kufanya kazi bila kuwa wanachama. Na kati ya fundi na tajiri alisimama mfanyabiashara, ambaye hakuruhusiwa kutengeneza chochote lakini ndiye aliyeagiza, aliyechagua mtindo na aliyeuza.

Nataka kukaa kidogo kwa wapaka dhahabu, maana hawa ndio waliolipa zaidi. Ile dhahabu isiyofifia kwenye kona za makabati ilipatikana kwa kuchanganya dhahabu na zebaki mpaka ikawa uji, kuupaka uji huo juu ya shaba, kisha kuuweka motoni. Zebaki iligeuka mvuke, dhahabu ikabaki imeshikana na shaba. Mvuke huo uliingia mapafuni mwa mtu aliyesimama hapo. Walitetemeka mikono, walipoteza meno, wengi walikufa mapema. Majina yao hayapo kwenye muhuri wowote, na mimi siwezi kuutazama mng'ao huo bila kuwafikiria.

Rangi zilizokwenda

Picha tuliyonayo ya fanicha hii ni ya rangi ya asali na kahawia, na tumejifunza kuiita hiyo hadhi ya ukale. Waliozitengeneza wangesikitika. Majani yalikuwa kijani kibichi, kwa mbao nyeupe iliyochemshwa katika rangi. Uwanja mwingine ulikuwa kijivu cha fedha, kwa mbao nyeupe iliyotiwa dawa ya chuma. Amaranti, mti wa Amerika ya Kusini, ukishakatwa hugeuka zambarau kali. Mbao ya waridi ilikuwa waridi kweli. Mwanga wa jua uliyala haya yote, rangi za kutiwa kwanza, za asili baadaye, hata yakakutana katika hudhurungi moja.

Ushahidi uko palepale. Wahifadhi wakibandua kipande ili kukirekebisha, upande wa nyuma ambao haukuona mwanga huwa bado na rangi yake, na hali ni hiyohiyo katika sehemu za ndani zilizofungwa muda mrefu. Kutokana na vipande hivyo unaweza kuujenga tena uso wa zamani kichwani, na ni uso wa kelele za rangi, karibu na kanga kuliko na meza ya mzee. Baadhi ya wakwasi wa leo wangeikataa wakiiona.

Ndiyo sababu anayerekebisha hukabiliwa na uamuzi mgumu kila petali inapokosekana. Aweke kijani cha mwaka 1769, au kahawia ya leo? Kwa kawaida huchagua ya leo, ili kipande kipya kisipige kelele kati ya wazee, na nadhani wana haki. Kuhusu gamba la ng'amba hana uhuru huo wa kuchagua: biashara ya kimataifa ya kasa huyo imepigwa marufuku kwa mkataba tangu miaka ya 1970, na mbao zote za Dalbergia, mpingo ukiwemo, ziliwekewa masharti mwaka 2017.

Halisi, bandia, na nakala ya heshima

Muhuri unaweza kughushiwa kwa dakika moja, kwa hiyo wajuzi hutazama kwingine. Hutazama unene wa vinia kwenye ukingo uliochubuka. Nusu milimita ni ya mashine. Hutazama mwili wa ndani, alama za randa, mashimo ya misumari yasiyo na kazi. Hata hivyo karne ya 19 ilileta tatizo ambalo si la udanganyifu hata kidogo. Mafundi wa Paris kama Henry Dasson na François Linke walitengeneza nakala za dawati la mfalme kwa ustadi wa kutisha, wakaziuza kama nakala, kwa majina yao. Leo nakala hizo zenyewe ni vitu vya kale vinavyogombewa. Ziite za karne ya 19 na umezitendea haki.

Halisi nyingi zilitawanyika kwa sababu moja. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mali za Versailles ziliuzwa kwa mnada kuanzia Agosti 1793, mafungu zaidi ya 17,000, na mnada ukachukua karibu mwaka mzima. Riesener, ambaye mfalme na malkia walikuwa wateja wake wakuu, alinunua tena baadhi ya kazi zake mwenyewe akitumaini kuziuza. Mtindo ulikuwa umebadilika, watu hawakuzitaka. Mwaka 1794 serikali mpya ilimpa kazi nyingine: kuondoa alama za kifalme kwenye fanicha, zikiwemo alizozitengeneza yeye. Kwenye dawati herufi za Louis zilitolewa ubavuni, na mahali pake pakawekwa vibamba vya kauri ya kiwanda cha Sèvres, ambavyo vipo hadi sasa. Sahihi yake haikuguswa.